Sisi tunaojitolea kwa wakimbizi hatulipwi, ila zile siku 7 za kuripoti kuomba hifadhi zinatumaliza

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako, kuna jambo limenikaa moyoni.

Mi ni fundi cherehani hapa Ngarenaro, Arusha, na mwaka wa sita sasa nawasaidia watu wanaokimbilia huku kuomba hifadhi. Sina ofisi, nina simu na daftari basi. Nikisema silipwi watu hawaamini, jirani mmoja alishamuuliza mke wangu mbona hizo dola hazionekani tukajenga. Maneno hayo yanauma lakini nimezoea, kinachonimaliza ni ofisi zetu za huku chini.

Mwaka jana nilipigiwa simu saa tano usiku, kuna mama yuko stendi na mtoto, haongei Kiswahili. Nikachukua boda. Nikamkuta amekaa juu ya kiroba, karatasi zake kazifunga kwenye mfuko wa nailoni kauchomeka ndani ya kanga aliyombebea mtoto, mtu akisogea tu anaushika. Mrundi. Kirundi sijui, asubuhi ikabidi nimfuate mama mmoja muuza ndizi soko la Kilombero, kwao Kasulu, maana Muha na Mrundi wanasikilizana, akamwachia mwenzie ndizi akaja kututafsiria bure mpaka saa nane mchana, na siku ile mauzo yake yalikufa kabisa. Mungu ambariki sana.

Ofisi ya kwanza wakasema huyu mhamiaji haramu, mpelekeni polisi. Ya pili wakasema rudini Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi, na yule mama alikuwa na siku ya tano tangu avuke mpaka.

Sasa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa anayeomba hifadhi siku 7 kuripoti, na anaruhusiwa kwenda hata kwa mtendaji wa kijiji. Kama wa ofisini mwenyewe hajui, hizo siku zinaishia kwenye benchi huku mtoto anachemka homa, hela ya dawa natoa mimi, nauli mimi, na magauni ya wateja yamelala hayajashonwa. Tulianza wajitoleaji saba, tumebaki watatu, na siwalaumu walioondoka maana wana watoto wa kulisha.

Ijumaa tukampata afisa mmoja kijana, akasoma zile karatasi moja moja, akamwandikia maelezo, akaanzisha utaratibu wa kumpeleka kambini Kigoma. Dakika 40 hazikufika. Kumbe inawezekana!

Na inaniuma zaidi kwa sababu ni hapahapa Arusha, Mei 1979, nchi za Afrika zilikutana kujadili wakimbizi, na Mwalimu Nyerere akapewa tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaosaidia wakimbizi, mwaka 1983 kwa jinsi alivyowapokea hawa watu.

Naomba viongozi wabandike karatasi moja tu kila ofisi ya mtaa na kijiji, iseme siku ni 7 na mtu apelekwe kwa nani, na wanaojua Kirundi, Kiamhari au Kisomali wajiandikishe hapo tuwe tunawaita. Mi nimeiandika kwa mkono nikapeleka ofisi mbili, moja wamebandika mlangoni, nyingine wameniambia niiache mezani. Jumatatu nitapita kuiangalia.

Fundi wa Ngarenaro,
Arusha