Barua ya wazi kwa Mkuu wa Gereza: muuguzi ndiye aseme nani mgonjwa, si nyapara

Afande, shikamoo.

Mimi ni mama lishe wa Mbagala. Mdogo wangu ni mahabusu katika gereza lako, ana kisukari na anachoma insulini. Jina la gereza silitaji, wewe mwenyewe unajijua.

Juzi aliletwa mahakamani akashindwa kusimama kizimbani. Shati limelowa jasho, midomo inatetemeka, anaulizwa jina anajibu habari za shamba. Askari wako akasema, "Anazuga huyo." Karani mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyeomba anyweshwe soda. Baada ya muda akazinduka, akauliza pale ni wapi. Nadhani alichomwa sindano alfajiri, karandinga likaondoka kabla ya uji. Insulini bila chakula inashusha sukari, Afande, na mtu anaweza kufa hivyo mchana kweupe huku watu wanasema anazuga.

Naambiwa huko ndani ukiumwa unamwambia kwanza nyapara, yaani mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake. Nyapara akiridhika anamwambia askari. Askari naye akiridhika, ndipo unaiona zahanati. Hongereni kwa kuwa na madaktari wengi, tena wa kupima kwa macho tu.

Ulitusimamisha pale getini ukatuahidi kwamba kila anayeingia ataonwa na muuguzi. Hata Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa apimwe na mhudumu wa afya mapema baada ya kupokelewa, na atibiwe sawa na sisi wa uraiani. Mdogo wangu aliulizwa jina, kabila, dini na kosa. Sukari, hakuna aliyeuliza. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito, yale maswali ya kifua kikuu ambayo hata zahanati ya mtaani kwetu wanauliza, nayo hayakuulizwa. Na wanalala wamebanana!

Kila siku ya kesi nafunga biashara, nakwenda na sukari nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nakatazwa kumpa. Sawa, sheria ni sheria. Basi mpeni ninyi.

Siombi aachiwe, hilo ni la hakimu. Naomba muuguzi. Kesi inarudi wiki ijayo: kabla hajapanda karandinga, muuguzi ampime sukari, aandike, ahakikishe amekula. Muuguzi, Afande, si nyapara.

Dada wa mahabusu,
Mbagala, Dar es Salaam