Hiyo dawa yako ya choo

Mama Upendo shoga yangu,

Kamwene! Huku Uyole ni baridi tu, vidole vinagoma kushika kalamu. Watoto wazima, viazi tumeshatoa shambani, mengine tutaongea.

Mama Neema amepita hapa akitokea huko Iringa, kanisimulia unavyojitengenezea sabuni na dawa za usafi. Hongera, bei za dukani zimetuchosha sote. Ila alipofika kwenye dawa ya choo nikamkatisha. Eti unatia Jiki, unaongeza siki, halafu unakamulia na limau ili iwe kali? Acha leo hii. Jiki ikikutana na kitu kichachu inatoa gesi ya klorini, ileile Wajerumani waliyowafungulia maadui zao vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Inachoma macho, koo, mpaka mapafu. Na choo chenu nakijua, kidirisha kama bahasha, tena kwa baridi hii nani anakifungua?

Siki peke yake inang'oa ule ukoko mweupe: mwagia usiku, sugua asubuhi. Jiki iwe siku nyingine, ukishasuuza vizuri. Kile cha shimo uani usikimwagie kabisa, maana mkojo uliochacha una amonia, nayo na Jiki haviivi chungu kimoja.

Sabuni ya maji nasikia imekuwa nyepesi ukazidi kuiongezea chumvi. Chumvi inaikoleza mpaka kipimo fulani tu, ikizidi inarudi kuwa maji. Tia kidogo kidogo, ukoroge, uache povu litulie mpaka kesho ndipo uihukumu. Na hizo chupa za soda unazojazia, bandika hata karatasi, Baba Upendo asije akajimiminia glasi. Unamjua.

Lakini nirudi kwenye choo, maana roho haijatulia. Uliyokwisha kuchanganya iko wapi? Umeifunga kwenye chupa? Kama ndiyo, itoe nje mbali na watoto, wala usiifungulie ndani. Na kikohozi cha Upendo alichonitajia Mama Neema kilianza lini, kabla ya dawa hiyo au baada? Umempeleka zahanati? Nijibu hilo kwanza, kabla ya salamu. Halafu salfoniki, ile ya kutengenezea sabuni ya maji, huko mnauziwa shilingi ngapi lita? Hapa Mwanjelwa wamepandisha tena. Na yule binti wa kwaya, barua ya posa imefika au bado wanazungushana?

Wako,
Mama Tumaini