Asante wewe uliyeniwekea alama za penseli

Jamani naomba nimshukuru mtu nisiyemjua. Mwaka wangu wa kwanza kuimba kwenye kanisa kuu moja huku Uingereza, niko besi, wanatupa chumba na hela kidogo ya kujikimu na sisi tunaimba sala ya jioni karibu kila siku, mazoezi kabla ya ibada hata saa nzima haifiki halafu unavaa kanzu na joho jeupe unaingia. Mimi nimekulia kwaya ya nyumbani, do re mi, wimbo mmoja tunaupiga wiki tatu mpaka unakaa kichwani, huku nota unaziona leo na leo hiyo hiyo unaziimba!

Sasa zaburi ndo zilinimaliza. Kodi moja (yaani chord, noti za sauti zote kwa pamoja) mnaishikilia maneno kumi hivi halafu mnahamia nyingine wote pamoja, ukichelewa kidogo tu unasikika peke yako, na kwa ule mpangilio wao wa zamani wa kugawa zaburi zote kwa siku za mwezi, jioni ya tarehe 15 ni zaburi ya 78 nzima, aya zaidi ya 70. Mara ya kwanza nilipotea katikati nikabaki nachezesha mdomo tu.

Kesho yake nakuta kwenye kiti changu kitabu cha zaburi kimechakaa, kila pa kuvuta pumzi pana alama ya penseli, na pale nilipopotea umeandika "usikimbie". Niliuliza wazee wa besi, wote wanacheka tu. Yeyote uliye, asante sana, na hicho kitabu sirudishi.