Barua kwa Zuhura: Bi Mkubwa na apande ndege

Kipawa, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie hapo Muscat, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila joto linatutoa jasho usiku kucha na mvua imetuweka roho juu. Ujumbe wako wa sauti uliingia nikiwa hanga, mikono imejaa grisi, nikauacha mpaka nilipofika nyumbani. Nimeusikiliza mara ya pili kwa utulivu, maana ulivyokuwa na hasira maneno yalikuwa yanapandana.

Nikujibu kwanza, halafu nieleze. Mkatie Bi Mkubwa tiketi. Hiyo habari iliyozungushwa kwenye kundi lenu la familia, kwamba ndege za aina atakayopanda "zimetolewa amri ya kurekebishwa kwa lazima", nimeiona. Wewe umeichukua kama habari ya ndege mbovu. Mimi nimeisoma nikashukuru, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu najua hutaniachia mpaka nimalize.

Kila aina ya ndege kubwa ya abiria ina rundo la amri kama hizo. Hakuna isiyokuwa nazo. Sisi mafundi tunaziita AD, kifupi cha Airworthiness Directive, yaani amri ya usalama wa ndege. Kila ndege ina nchi inayosimamia usanifu wake: Boeing wako chini ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ATR na Airbus nyingi wako chini ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, na zile Dash 8 za panga boi pamoja na A220 ziko chini ya Kanada. Hitilafu ikionekana kwenye ndege moja, na ikadhaniwa inaweza kujitokeza kwa wenzake, mamlaka hiyo inatoa AD: ndege zipi zinahusika, kifanyike nini, na mwisho wake lini. Mwisho huo unaweza kuwa tarehe, au saa za kuruka, au idadi ya kupaa na kutua. Jambo likiwa la dharura inaweza kuandikwa waziwazi kwamba kazi ifanyike kabla ndege haijaruka tena. Kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na viambatisho vyake, taarifa hizo zinafika mpaka kwa nchi ilikosajiliwa ndege, na kwetu mwenye kuzisimamia ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ndege yenye 5H ubavuni, yaani iliyosajiliwa Tanzania, ikipitiliza muda wa AD, haina ruhusa ya kubeba hata kuku, injini zingurume vizuri namna gani.

Sasa kuna karatasi nyingine inayofanana nayo mno, nayo inatoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Tunaiita SB, kifupi cha Service Bulletin. Yeye anakwambia: tumeona tatizo, tunapendekeza mlirekebishe hivi. Michoro ni ileile, namba za vipuri ni zilezile, na mara nyingi AD inapotoka inakuagiza tu utekeleze SB fulani. Lakini SB peke yake, hata ikiandikwa kuwa ni ya haraka, mwenye ndege anaweza kuiweka pembeni mpaka nafasi ipatikane. Watu 346 walikufa kwa sababu ya nafasi hiyo, na kisa chao ndicho ninachowasimulia vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu.

Mwaka 1972 DC-10, ndege pana ya abiria ya kampuni ya McDonnell Douglas ya Marekani, ilikuwa bado ndege mpya. Mlango wa abiria kwenye ndege nyingi unakaa kama kizibo, hewa ya ndani ikiusukuma ndiyo unazidi kubana. Mlango wa mizigo wa DC-10 ulifunguka kwenda nje, ili usile nafasi ya mizigo, kwa hiyo kule angani uliposukumwa na hewa, kilichoushikilia kilikuwa makomeo na pini zake tu. Makomeo yaliendeshwa na mota ya umeme. Yasipofika mwisho, mtu wa chini aliweza kuubana mkono wa nje kwa nguvu mpaka ukakubali, na mlango ukaonekana umefungwa sawasawa. Rubani naye, taa yake ya tahadhari imezimika, anaondoka zake.

Tarehe 12 Juni 1972 ndege ya American Airlines ilitoka Detroit, na ilipokuwa juu ya Windsor, Kanada, mlango huo ukafumuka. Hewa ya chini kwenye mizigo ilitoka mara moja. Ya juu kwa abiria ikabaki, ikaikandamiza sakafu mpaka ikabonyea. Na chini ya sakafu hiyo, Zuhura, ndiko zilikopita nyaya za chuma zinazomuunganisha rubani na mkia. Rubani Bryce McCormick alibaki na vyombo ambavyo nusu havimsikii, akairudisha ndege Detroit kwa kucheza na nguvu za injini, jambo ambalo alikuwa amejizoeza kwenye mashine ya mafunzo. Watu 67, wote wakashuka wazima. Jeneza lililokuwamo kwenye mizigo ndilo lililodondoka Windsor, na maiti ndani yake.

Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walitaka mambo mawili: komeo lirekebishwe ili mkono wa nje usiweze kabisa kufungika kama pini hazijaingia, na sakafu itobolewe njia za hewa ili isikandamizwe tena. FAA walikuwa na rasimu ya AD mezani. Haikutoka. Mkuu wa FAA, John Shaffer, na mkuu wa Douglas walizungumza kwa simu wakakubaliana kiungwana kwamba kampuni itashughulikia yenyewe kwa SB. Ndege mpya, wateja wa kuwabembeleza, na washindani wao Lockheed wanauza ndege yao L-1011 pembeni. Mimi sioni ugumu kuelewa kwa nini hakuna aliyetaka doa la AD. Mwezi huohuo wa Juni, Dan Applegate, injinia wa Convair, kampuni iliyopewa kandarasi ya kutengeneza kiwiliwili cha DC-10, aliwaandikia wakubwa wake kwamba katika miaka 20 ijayo milango hiyo itafunguka, na kwa kawaida ndege itapotea. Waraka wake ukabaki ndani ya kampuni.

Haikufika hata miaka 2. Tarehe 3 Machi 1974 DC-10 ya Turkish Airlines iliondoka Orly, Paris, kwenda London. Ilikuwa imejaa kuliko kawaida kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi wa ndege za Uingereza, watu wakahamishiwa humo. Mlango ukafumuka vilevile. Safari hii sakafu ilikuwa na uzito wa abiria tele juu yake, ikaanguka, nyaya zote zikaenda. Ndege ikaingia kwenye msitu wa Ermenonville baada ya dakika moja na kidogo. Hakuna aliyetoka.

Mlangoni palikuwa pamewekwa kidirisha kidogo cha kuchungulia kama pini zimeingia, na maelezo yake yamebandikwa pale. Kijana wa mizigo aliyeufunga mlango siku hiyo, Mualjeria, Kiingereza kilichoandikwa pale hakuwa anakisoma, na hakuna aliyemwelekeza kidirisha ni cha nini. Baadaye kuna waliotaka kumtwisha yeye lawama. Mimi hilo linaniudhi mpaka leo! Mlango ambao usalama wake unategemea mbeba mizigo asome karatasi na kuchungulia tundu, kwenye mvua, saa ya mbio, huo mlango haujarekebishwa.

Kinachoniuma zaidi kama fundi ni kilichofuata. Kumbukumbu za kiwandani zilionyesha ndege hiyo imekwishafanyiwa marekebisho, na mihuri ya wakaguzi ikagongwa. Mabaki yalipokusanywa, kibati cha kuimarisha komeo hakikuwamo. Tena pini zilikuwa zimerekebishwa vibaya, hazichomozi inavyotakiwa, na taa ya rubani ilizimika kabla mlango haujajifunga. Kwa hiyo yalikosekana yote mawili: amri ya kumshurutisha mwenye ndege, na kazi ambayo karatasi ilidai imefanyika.

Ndiyo maana AD kwetu ina taabu zake. Ikija tunaifungulia kadi ya kazi. Unapima unachopima, unaandika namba ya kipuri kilichotoka na kilichoingia, mwenzako asiyeshiriki anakuja kukagua kwa macho yake, halafu mwenye leseni anatia saini yenye namba yake. Saini hiyo inaishi kuliko sisi. Ndege ikiuzwa nchi nyingine inaondoka na makabrasha hayo, na mnunuzi ataanza kusoma orodha ya AD kabla hajatazama rangi ya viti. Wewe huwa unaniuliza kwa nini nikitoka kazini sina maneno. Nimeyamaliza kwenye makaratasi.

Baada ya Ermenonville AD za mlango zilitoka, na mwaka 1975 FAA wakataka sakafu za ndege zote pana ziimarishwe au zipewe njia za hewa, 747, L-1011 na A300 zikiwemo, ambazo hazikuhusika na ajali hizo. Hapo ndipo ninaposema habari ya AD iniletee usingizi: maiti za aina moja ya ndege zikawalinda abiria wa aina nyingine tatu.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba AD ni dawa ya kila kitu. Kuna AD ndogo kuliko tatizo lake, na hiyo imetugusa Afrika Mashariki. Tarehe 29 Oktoba 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia, watu 189. Ndani yake mlikuwa na programu, MCAS, yenye kuinamisha pua ya ndege, na iliamini kihisi kimoja tu cha kupima pembe ambayo ndege inakabiliana na hewa, wakati ndege ina viwili. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hicho kimoja kilipewa mkia wote wa ndege. Tarehe 7 Novemba FAA walitoa AD ya dharura. Ilibadili nini kwenye ndege? Hakuna. Iliongeza kurasa kwenye kitabu cha rubani: pua ikiinama yenyewe, fanya hivi na hivi. Programu ikaachwa ilivyo, marekebisho yake yakisubiriwa.

Tarehe 10 Machi 2019 Ethiopian 302 ikatoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ndege ya miezi michache tu. Marubani wakakata umeme wa kusogeza mkia, kama kurasa zile zilivyoelekeza, lakini kasi ilikuwa kubwa na gurudumu la kuusogeza mkia kwa mkono likawa halizunguki. Dakika sita, ikaanguka upande wa Bishoftu. Watu 157, na kati yao Wakenya 32, hakuna taifa lililopoteza wengi kuliko hilo. Unakumbuka tulivyokuwa tunapigiana simu siku ile kuulizana nani yuko safarini.

AD iliyowaruhusu MAX kurudi ilitoka tarehe 20 Novemba 2020, na hiyo ndiyo naiita AD. Programu mpya inayolinganisha vihisi vyote viwili, na wakipingana MCAS inakaa kimya. Haiwezi tena kurudiarudia kuinamisha pua. Nyaya za mkia zitenganishwe, tahadhari ya vihisi kutofautiana iwashwe, kila ndege ijaribiwe angani bila abiria kwanza. Tofauti ya karatasi zile mbili ni miezi 24 na maiti 157, na ukiniuliza mimi, ya kwanza iliandikwa na watu waliokuwa bado wanatumaini.

Mengine ni ya kawaida, Bi Mkubwa atayaona bila kujua ni amri. Zile taa za sakafuni zinazoonyesha njia ya kutokea, kitambaa kinachokinza moto ndani ya kiti, king'amuzi cha moshi chooni: hayo yalipata nguvu baada ya Air Canada 797 kutua Cincinnati inawaka moto mwaka 1983, watu 23 kati ya 46 wakafa humo ndani, wengine gizani wakitafuta mlango. Mlango mgumu wa marubani umekuja baada ya Septemba 2001. Na ndege ya Marekani, TWA 800, iliyolipuka tanki la mafuta mwaka 1996 na watu 230, kanuni ya kupunguza hatari ya mvuke wa mafuta tankini ilitoka mwaka 2008. Miaka 12, kwa sababu kila mtu alikuwa na hesabu ya gharama mkononi. Nayo tuliache, nitapandisha presha bure.

Kuhusu safari yenyewe. Dawa za Bi Mkubwa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, wala asikubali kuambiwa zipelekwe chini na masanduku. Mwombee kiti cha pembeni ya njia, miguu yake unaijua. Kama pale Zanzibar wakimwambia ndege imechelewa kwa matengenezo, asigombane na yule binti wa kaunta, na wewe usimpigie simu kila dakika kumtia kiwewe. Akae, ale chochote, asubiri fundi amalize. Nitamwomba Mwanaidi amsindikize mpaka ndani, mimi wiki hiyo niko zamu ya usiku. Nitumie tu namba ya tiketi ukishapata, na uniambie anarudi lini.

Shoga yako,
Saada