Kabla Fimbo Haijainuka: Tunavyorekebisha Msimamo na Mwanzo wa Swingi

Wachezaji wengi wa gofu wanaokuja kwetu huja na lalamiko moja: mpira unakata kulia. Wameshajaribu kupinda mikono, kuongeza nguvu, hata kununua draiva mpya, ile fimbo ndefu ya mapigo ya mbali. Tukiwaomba wasimame tu mbele ya mpira bila kupiga, mara nyingi chanzo kinaonekana hapo hapo. Miguu imeelekea kulia, mabega yanatazama kushoto, mpira umesogea mbele mno na vidole vimeikaba fimbo. Mwili uliosimama hivyo hauna budi ujitafutie njia ya kurudisha kichwa cha fimbo kwenye mpira, na hiyo njia ya kubahatisha ndiyo mtu anaiita kasoro ya swingi yake, yaani mwendo wake wa kuzungusha fimbo. Ndiyo maana somo letu la kwanza halina kupiga kwa nguvu. Linahusu namna ya kusimama, na sentimita 60 za kwanza ambazo kichwa cha fimbo kinasafiri kikiondoka kwenye mpira.

Maelezo yote hapa ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Tunaanza na mikono, kwa sababu ndiyo pekee inayoigusa fimbo. Angalia glavu yako. Ikiwa imechakaa au kutoboka chini ya kiganja, kwenye ile nyama iliyo upande wa kidole cha mwisho, kipini kimelala kiganjani na kinateleza kila unapopiga. Kinatakiwa kipite mshazari kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kutoka pingili ya kati ya kidole cha shahada hadi shina la kidole cha mwisho, kisha ile nyama ya kiganja ikae juu yake. Kuna jaribio rahisi: fungua vidole vingine vyote, uinue fimbo kwa kidole cha shahada na nyama ya kiganja tu. Ikitulia bila kuanguka, umeshika panapofaa.

Sasa tazama chini bila kuinamisha kichwa sana. Kwenye mkono wa kushoto uone mafundo mawili ya vidole, au mawili na nusu. Ukiona moja tu, mkono umegeukia kushoto mno, na uso wa fimbo, ule upande unaogonga mpira, utafika kwenye mpira ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia. Ukiona manne, utafika umefungwa na mpira utapinda kushoto. Kiganja cha kulia kinafunika gumba la kushoto, na ule mfereji kati ya gumba na kidole cha shahada unaelekea bega la kulia. Kidole cha mwisho cha kulia unaweza kukilaza juu ya mkono wa kushoto, mtindo ambao bingwa wa zamani Harry Vardon aliueneza, au kukifumbata na kidole cha shahada cha kushoto kama mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods. Hapo hatubishani na mtu. Mwenye vidole vifupi kwa kawaida anapendelea kufumbata. Acha sentimita moja hadi mbili za kipini zibaki juu ya mkono. Kuhusu nguvu, ikiwa 10 ni kukaba kabisa, sisi tunataka 4. Raba iliyokauka na kung'aa inakulazimisha kukaba hata usipotaka. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, uikaushe kwa taulo. Kwa anayecheza kila wiki, hasa pwani kwenye joto na jasho, ibadilishwe karibu kila mwaka.

Baada ya mikono ni kulenga, na hapa ndipo tunapotumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Watu wengi wanaanza na miguu: wanasimama, wanaielekeza miguu kwenye bendera ya shimo, halafu wanaweka fimbo. Mpangilio huo ni kinyume. Simama nyuma ya mpira ukitazama shabaha, kisha chagua alama ndogo iliyo kwenye mstari huo huo, kati ya sentimita 30 na mita moja mbele ya mpira: jani kavu, kovu la nyasi, chochote. Nicklaus alilenga hivi kila pigo, na ni rahisi zaidi kuelekeza uso wa fimbo kwenye jani lililo karibu kuliko kwenye bendera iliyo mita 150. Weka uso wa fimbo kwanza, ukingo wake wa chini ukae mraba (nyuzi 90) na mstari wa alama hiyo. Ndipo miguu ifuate.

Miguu, magoti, nyonga na mabega havilengi bendera. Vinakaa sambamba na mstari wa mpira, kama reli mbili: mpira uko kwenye reli ya kulia, wewe kwenye ya kushoto. Watu huogopa kwamba wakisimama hivyo watapiga kushoto. Ukweli ni kwamba nafasi kati ya vidole vyako vya miguu na mpira haifiki mita moja, kwa hiyo hata kwenye mita 150 mstari wa miguu unapita chini ya mita moja kushoto mwa shabaha. Lakini uso wa fimbo ukikosea nyuzi 5 tu, umbali huo huo mpira unaachana na shabaha kwa takriban mita 13. Uso ndio unaoamua zaidi mpira unaanza kuelekea wapi, ndiyo sababu hatuuachi uwekwe mwisho.

Mabega yanadanganya kuliko miguu. Mkono wa kulia uko chini ya wa kushoto kwenye kipini, na mtu akiunyoosha kuufikia mpira, bega la kulia linavutwa mbele na kifua chote kinageukia kushoto, hata kama miguu iko sawa. Kutoka hapo fimbo inashuka ikitokea nje kuingia ndani, na slaisi, yaani ule mpira unaokata kulia, inazaliwa. Lilegeze bega la kulia lishuke kidogo chini ya la kushoto, kiwiko cha kulia kiwe laini. Kisha laza kijiti kifuani, bega hadi bega, umwombe mwenzako asome kinaelekea wapi.

Mahali pa mpira panategemea fimbo. Kwa draiva, mpira unakaa mkabala na upande wa ndani wa kisigino cha kushoto. Kwa chuma namba 7 (fimbo ya umbali wa kati), upana wa mpira mmoja au miwili kushoto mwa katikati ya miguu. Kwa weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu), katikati. Pima kwa visigino, si kwa vidole: ukiugeuza mguu wa kushoto nje kwa nyuzi 20 au 30, jambo ambalo tunalipendekeza kwa sababu linasaidia nyonga kuzunguka, macho yataona mpira uko nyuma zaidi ya ulipo, na polepole utausogeza mbele bila kujua. Mpira uliosogea mbele unafungua mabega. Uliosogea nyuma mno unapigwa fimbo ikiwa bado inateremka kwa ukali, na mara nyingi unaanzia kulia.

Upana wa miguu kwa chuma ni sawa na mabega. Kwa draiva ongeza sentimita 5 hivi. Inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ubaki umenyooka, kisha ulegeze magoti. Wengi wanafanya kinyume: wanakunja magoti kwanza kama wanaokaa, mgongo unajikunja kama upinde, na mabega yanashindwa kuzunguka. Mikono ining'inie chini ya mabega. Kati ya ncha ya kipini na mapaja ipite ngumi moja kwa chuma, na zaidi kidogo kwa draiva. Uzito uwe chini ya kamba za viatu. Ukiweza kuinua vidole vya miguu bila kuyumba, na visigino pia, umesimama sawa. Kwa draiva bega la kulia lishuke zaidi na uzito uegemee kidogo mguu wa kulia, na nusu ya mpira uliopo kwenye tii (kigingi kidogo cha kuinulia mpira) ionekane juu ya kichwa cha fimbo.

Kuna kasoro ambayo mazoezi hayaiondoi: fimbo zisizokufaa. Hapa kwetu watu wengi wanajifunza kwa fimbo za kuazima au za kurithi. Fimbo ndefu mno inakusimamisha wima na kukusukuma mbali na mpira. Fupi mno inakukunja mgongo. Watoto wanaopewa fimbo za watu wazima zilizokatwa wanapata nyingine nzito na ngumu, na wanajifunza kuinua kwa mikono kwa sababu hawana njia nyingine. Tunazipima kabla ya kumlaumu mchezaji.

Sasa mwanzo wenyewe. Fimbo isianze kutoka kwenye mwili uliokauka. Ukisimama sekunde nane au kumi ukiwaza, misuli ya mikono inakaza na mwendo wa kwanza unakuwa mnyakuo. Chezesha kichwa cha fimbo mara mbili kwa vifundo vya mikono, tazama shabaha mara moja, uondoke. Bingwa Gary Player alikuwa akisukuma goti la kulia ndani kidogo ndipo aanze. Nicklaus aligeuza kidevu kulia. Chagua kitu kimoja kidogo, kiwe kile kile kila siku.

Kinachoondoa fimbo ni kifua kugeuka. Mabega na mikono vinaunda pembetatu, na pembetatu hiyo inaondoka nzima. Vifundo vya mikono havigeuzwi kwa makusudi, na nyonga ya kulia haitelezi kando kupita mguu. Mikono inapofika mbele ya paja la kulia, kichwa cha fimbo kiwe bado mbele ya mikono ukilinganisha na mwili wako. Fimbo inapokuwa sambamba na ardhi, kwenye usawa wa kiuno, iwe pia sambamba na mstari wa miguu. Anayekutazama kutoka nyuma ya mstari aone kichwa cha fimbo kimeifunika mikono, na ukingo wa uso umeinama sawa na mgongo wako. Ukingo ukitazama juu, uso umeshafunguka. Ukitazama ardhi, umefungwa.

Kosa tunaloliona zaidi ni kuvuta ndani: mikono inajiviringisha, kichwa cha fimbo kinakimbilia nyuma ya visigino, uso unafunguka. Kutoka huko hakuna nafasi ya kuendelea, kwa hiyo mtu anainua fimbo juu, kisha anaitupa nje wakati wa kushuka. Anaona slaisi mwishoni na kudhani kosa liko mwishoni. Wengine wamesikia kwamba fimbo irudi nyuma moja kwa moja, wakaisukuma kwenye mstari kwa muda mrefu mno. Mikono inaachana na kifua, bega halizunguki. Mstari huo ni wa sentimita chache tu za mwanzo. Kifua kikigeuka, fimbo yenyewe inaanza kuingia ndani kwa mkunjo mdogo.

Mazoezi mawili yanatosha. La kwanza: weka mpira wa pili nyuma kabisa ya kichwa cha fimbo, uuviringishe nyuma kwa mwendo wako wa kuanza. Ukielekea visigino vyako, umevuta ndani. Ukienda mbali nawe, umesukuma nje. Unatakiwa uende nyuma karibu moja kwa moja. La pili: shika fimbo chini kwenye chuma, ncha ya kipini iguse kitovu, ugeuke hadi kichwa cha fimbo kifike usawa wa kiuno. Ncha ikiachana na kitovu, ni mikono iliyofanya kazi peke yake. Rudia mara 20 kwa siku, polepole, mbele ya kioo.

Ukijirekodi kwa simu, iweke kwenye usawa wa mikono, mita tatu hivi nyuma yako, ikitazama sambamba na mstari wa shabaha na ielekee mikono. Simu ikisogezwa pembeni, hata mwendo mzuri utaonekana umeingia ndani au umetoka nje, na watu wamejiharibia swingi nzima kwa kurekebisha kosa la kamera. Kwenye mikeka ya mazoezi pia jihadhari: mkeka una mstari wake, na mwili unaufuata hata kama shabaha iko kwingine. Sisi tunalaza kijiti mshazari juu ya mkeka ili macho yaamke.

Kijiti hicho ni cha mazoezi pekee. Kanuni ya 10.2b ya gofu inakataza kuweka kitu chini kikusaidie kulenga kwenye mchezo, na ukishachukua msimamo, kukiondoa hakufuti adhabu. Tangu 2019 hata kedi, yaani mbeba fimbo wako, haruhusiwi kusimama kwa makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari unapoanza kuchukua msimamo wako. Wachezaji wengi hapa wamezoea kupangwa na kedi, kwa hiyo tunawafundisha kujipanga wenyewe.

Viwanja navyo vina yake. Kwenye nyasi za kikuyu, Nairobi hadi Limuru, mpira mara nyingi umekaa juu ya majani. Ukibana fimbo chini nyuma yake unaweza kuusogeza, na ukiusogeza ni adhabu ya pigo moja. Iache fimbo ielee. Upande wa Vipingo, Nyali na Diani kusi ikivuma, tanua miguu sentimita chache, shika kipini chini kwa sentimita 3, na usikae muda mrefu juu ya mpira.

Somo la kwanza ni saa moja. Njoo na weji, chuma namba 7, draiva, viatu unavyochezea na glavu unayoitumia sasa, si mpya. Kama una maumivu ya mgongo au goti, tuambie kabla, kwa sababu tutabadilisha kuinama kwako. Tegemea mshiko mpya uonekane mgeni, na mipira mingine iende kushoto kwa wiki mbili hivi: mikono bado inasahihisha kosa ambalo halipo tena. Usirudie mshiko wa zamani katikati ya mchezo. Somo la pili tunaliweka baada ya wiki hizo mbili, na hapo ndipo tunapiga mipira, kwa nusu ya kasi yako.