Dakika tano za asubui zinatosha kwa bega la musukaji?

Yaya jambo, na bandugu wote munaosoma, muko aje.

Niko mama wa myaka 34, naishi Goma ku Ndosho, nasukaka nywele tangu nikiwa binti. Kazi naipenda sana ila inataka mikono ikae juu. Rasta ndogo ndogo inaweza kamata saa sita nzima nimesimama nyuma ya mukiliya, viwiko viko hewani, na tangu mwaka jana bega la kuume likaanza kuchoka mbaya, si maumivu ya kulia, ni uzito tu, mukono unashuka wenyewe na vidole havikaze tena. Mumoja alirudi kunionyesha rasta za nyuma ya shingo zimefunguka. Ile iliniumiza kuliko bega.

Nikaenda kuona kine, yule muganga wa viungo. Alinishikashika akasema hakuna kitu kimekatika, ni nguvu njo imepunguka. Akanielezea bega linageuka kupita kiungo kingine chote cha mwili, kwa hiyo linategemea sana misuli, kuko minne midogo ya ndani inayokamata kichwa cha mufupa kikae mahali yake, na sisi tunafikiriaka tu ule mukubwa wa juu. Akanipa mazoezi ya dakika tano kila asubui: pompe ya kusimama, ni kusukuma ukuta na viganja, kuinua chupa ya maji ya litre moja na nusu pembeni mpaka usawa wa bega, na kuvuta mupira wa ndani wa velo uliofungwa ku mulango, kiwiko kimebana ku mbavu, unapeleka mukono inje polepole.

Nyumba yetu ni ya mbao, nikisukuma inatingizika watoto wanaamuka, njo nafanyia inje ku ukuta wa mawe ya volkano, na yale mawe munayajua vile yanakata, basi nakunja kitenge mara ine naweka chini ya viganja. Wiki tatu sasa. Nilianza na pompe sita, leo nafikisha kumi na tano, na jumamosi nilisuka kichwa kizima bila kushusha mukono hata mara moja, kweli nilifurahi.

Shida ni maji. Robine ikikauka, na inakaukaka mara tatu ao ine kwa wiki, naenda kubeba bidoni za litre 20, ile ni kilo 20 moja moja. Nikirudi bega limekwisha, naacha zoezi, kesho yake pia naacha, mazoea inakatika. Bwana wangu anasema bidoni ni zoezi tosha. Mimi naona hapana, sababu bidoni inavuta mukono chini na kazi yangu inautaka juu.

Sasa yaya, siku ya maji nifanye hata dakika mbili mazoea isikufe, ao nipumuzishe bega kabisa? Na chupa imeshakuwa nyepesi, niongeze hesabu ao nitie muchanga, sababu unapita maji uzito? Tena nikiinua mukono bega linalia ko, haliniume, ni kitu ya kuogopa?

Bale munaosuka na bale munaopaka rangi nyumba, mulifanyaka aje? Nitasoma yote mangaribi, watoto wakilala.

Mama musukaji, Ndosho