Mwanangu, nimekataa kusaini yale masaa

Mwanangu, najua umenuna. Mama yako kaniambia hupokei simu tangu Jumapili, sawa, ila barua utaisoma maana wewe hata ukikasirika unasoma.

Uliniomba nikuingize kwenye shifti yangu ya usiku, halafu ukichelewa au usipokuja kabisa sababu ya chuo mimi nisaini kwamba masaa yametimia. Ukasema baba si wewe ndo supavaiza, nani atajua. Nikasema hapana nikakata simu, na hapo nilikosea, nilitakiwa nikueleze.

Mwaka 2015 ulikuwa bado mdogo, mimi naendesha teksi hapa New York, na redioni kila siku ni habari za Dean Skelos. Huyu mzee alikuwa seneta wa jimbo kutoka Long Island, yuko kwenye Seneti kule Albany, makao makuu ya jimbo la New York, tangu 1985, kafika mpaka kuwa kiongozi wa maseneta walio wengi, yaani sheria kubwa za jimbo hili, kodi za nyumba, bima za madaktari, zote zinapita kwake yeye na spika na gavana. 

Sasa sikiliza alichoshtakiwa nacho. Alikuwa anamtafutia mwanawe Adam hela. Kampuni zilizokuwa zinamhitaji yeye ndo hizohizo alizozifuata kumwombea mtoto. Kuna moja ya Arizona ya mambo ya kuchuja maji ya mvua, ilikuwa inataka tenda ya kaunti ya Nassau, hukohuko Long Island, ikaanza kumlipa Adam dola 4,000 kwa mwezi ikapanda mpaka 10,000. Nyingine ya bima ya madaktari ikampa ajira ya dola 78,000 kwa mwaka na kijana kazini haonekani, mshahara hewa kabisa kama tunavyosema nyumbani, na msimamizi wake alipomuuliza mbona huji Adam akamtishia kumpasua kichwa. Huyo msimamizi mwanangu ndo mimi wa leo. Mtu anayehesabu masaa ya wenzake na kwake ana familia.

Jumla ilizidi dola 300,000. Simu zao zilikuwa zinarekodiwa na wapelelezi, baba na mwana wanaongea hawajui. Tarehe 11 Desemba 2015 wote wawili wakakutwa na hatia kwa makosa yote manane, na kiti chake cha miaka 30 kikaondoka siku hiyohiyo maana sheria ya jimbo ndo inasema hivyo, na uwakili wake ukaenda na maji. Mei 2016 jaji akampa baba miaka 5, mtoto akapewa 6 na nusu. Yaani mtoto ndo alipewa mingi! Nilipaki teksi pembeni siku ile nikakaa tu, nikakuwaza wewe.

Wakakata rufaa, 2017 hukumu ikafutwa kwasababu Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshabana maana ya rushwa kwenye kesi ya gavana mmoja wa Virginia, lakini kesi ikarudiwa na Julai 2018 wakakutwa na hatia tena, baba miaka 4 na miezi 3, mtoto miaka 4. Safari hiyo mzee alipanda mwenyewe kizimbani kujitetea, akaeleza kwamba alikuwa ni baba anamsaidia mtoto wake.

Mimi namwamini. Ndo kinachonitisha, maana na mimi ulivyoniomba moyo ulikuwa umeshakubali kabla mdomo haujasema, ningesaini leo, kesho ningesaini tena, na ungejifunza kwangu kwamba kazi ni jina kwenye karatasi.

Fomu za shifti ya wikendi ziko wazi kwa kila mtu, jaza kabla ya Alhamisi. Atakayekuhoji siyo mimi, ni mama mmoja wa Haiti wa jengo lingine, hapendi mtu achelewe hata dakika tano. Ada iliyobaki dola 600 nakutumia Ijumaa nikilipwa. Na mpigie mama yako, hapati usingizi.

Baba yako